Sura ya Arlis

Tressa alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuulamba na kutukana kidogo, na bado ni yeye aliyetoa ahadi ile. Aliitoa makaburini, mbele ya jeneza na mbele ya kanisa zima la bonde la Buckeye, wakati barafu bado imeng'ang'ania barabarani pale lori la makaa lilipoteleza na kumwua mumewe, Arlis. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, "nitamshonea Arlis blanketi la viraka. Nitaitoa sura yake yote kwenye ile picha ya banjo. Na sitaondoka nyumbani kwako mpaka nilimalize."

Nani alimwuliza? Hakuna aliyemwuliza! Uchungu ulimjaa, mdomo ukafunguka wenyewe. Lakini kwetu neno lililosemwa mbele ya jeneza si la kuamka kesho yake ukasema ulikuwa unatania. Wanawake wa kanisa walilisikia, wakatikisa vichwa, wakaanza kulia upya. Delphia, mama yake Arlis, alilisikia kuliko wote. Alimshika mkwewe mkono, akaubana, na ukitaka ukweli, tangu siku ile hakuuachia.

Sasa, huyo Delphia si mwanamke wa kuchezea. Hakuna kitanda cha heshima bondeni kwetu kisicho na blanketi lake. Kwenye mashindano ya wilaya wenzake walikuwa wakigombea nafasi ya pili tu, maana ya kwanza ilikuwa na mwenyewe. Mumewe alikufa zamani, mapafu yamejaa vumbi la mgodi, akabaki na Arlis peke yake. Arlis naye alipooa hakuhama. Alimleta mke nyumbani kwa mama. Nyumba yenyewe iko juu kabisa, mahali njia inapoishia. Huwezi kutoka pale bila gari, na gari la nyumba ile ni moja, na ufunguo wake Delphia anauvaa shingoni kwenye kamba, pamoja na miwani.

Tressa alidhani atamaliza kabla miti haijachipua. Masikini! Mtu mwenye akili zake huanza na nyota, au ua, au kijumba chenye dirisha moja. Yeye alichagua picha yenye kila kitu: Arlis amekaa kwenye kiti cha mbao, banjo yake, lile gitaa la tumbo la duara, mapajani, shati la drafti, mbwa amelala miguuni, ukuta wa mbao nyuma yake na kila ubao na rangi yake. Halafu vidole. Halafu uso, na lile kovu juu ya jicho, na tabasamu lake la kupinda upande mmoja lililowafanya hata wanawake wazee kanisani wamsamehe uchelewaji. Delphia, aliyeshona tangu ana meno ya utoto, angeweza kumwambia, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya mtu aliyeshona maisha yake yote." Hakumwambia. Alisema, "Vizuri. Umechagua kitu cha maana."

Vitambaa vilitoka kwenye nguo za Arlis mwenyewe. Delphia alizileta kwa mikupuo, shati leo, suruali wiki ijayo, akaziweka mezani na mkasi juu yake. Tressa alikuwa akizinusa kwanza kabla ya kuzikata. Shati la bluu lilimshinda kabisa. Alilikumbatia mchana kutwa, Delphia akija kuchungulia, Tressa anajifanya anatafuta mstari wa kukata.

Kazi yenyewe alifundishwa hivi. Picha ilikuzwa mjini kwenye duka la fotokopi mpaka ikawa karatasi kubwa nyembamba ya kufunika meza, na mistari ikakolezwa kwa wino. Picha halisi Delphia aliirudisha chumbani kwake, ndani ya kioo, juu ya kitanda. "Imebaki hiyo moja," alisema. "Gundi yako na kahawa yako vitamwua mara ya pili." Kwa hiyo Tressa alifuata mistari. Anachukua karatasi maalumu yenye gundi mgongoni, ananakili kipande kwa penseli, anaibandika kwa pasi upande wa nyuma wa kitambaa, anakata, anageuza, anakilaza mahali pake, pasi tena, halafu sindano kuzunguka ukingo wote.

Kipande cha kwanza kilikuwa bega. Alikikata kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, akakigeuza, akakilaza juu ya mchoro. Kikakataa. Akakizungusha huku, akakizungusha kule, kikakataa tu.

"Mama, mbona hakikai?"

Delphia alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alikitazama kile kipande, akautazama mchoro, akanywa kahawa kwanza.

"Geuza karatasi," akasema. "Kitakaa."

Tressa akaipindua karatasi kubwa, upande wenye wino ukawa chini. Kwa vile ilikuwa nyembamba, mistari ilionekana vizuri hata kwa nyuma. Bega likakaa sawasawa, kana kwamba limezaliwa pale! Tressa alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Mama, we fundi! Ningekesha hapa." Delphia akasema haya, endelea, akarudi jikoni kwake.

Akaendelea. Baridi ikaisha, majani yakaja, yakaanguka, baridi nyingine ikaingia, na Tressa yuko sakafuni kwa magoti, mgongo unamwuma, vidole vimechomwa na pasi na kutobolewa na sindano. Wageni hawakuruhusiwa kuliona. Delphia alisema ni mwiko kutazama blanketi la marehemu kabla halijaisha. Mwiko gani huo? Mimi nimezaliwa bonde hilihili na sijawahi kuusikia. Lakini nani atabishana na Delphia kuhusu blanketi?

Kila Jumapili wanawake wakimwuliza Tressa kanisani, "Umefika wapi, binti?" Delphia ndiye aliyejibu. "Anajitahidi. Bado." Na kila mara Lurana, rafiki wa Tressa tangu utotoni, akimpigia simu kutoka mji wa Lexington, jibu lilikuwa hilohilo.

"Tre, kitanda chako kipo," Lurana angesema. "Na pale kwenye duka la mikate bosi bado anakuulizia. Nimemdanganya mpaka nimeishiwa uongo. Unakuja lini?"

"Nikimaliza."

"Kumaliza gani, we? Wenzio wanajenga madaraja na kuyamaliza."

"Lurana, niliahidi."

"Haya, mtumwa wa ahadi. Mimi nakwambia, hii nafasi haitakaa milele."

Akikata simu alikuwa akisimama kidogo pale ukutani, mkono bado umeshika mkonga wa simu. Alikuwa anataka kwenda. Usifikiri alikuwa hataki! Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na alikuwa anautaka mji, na watu wasiomjua, na mshahara mdogo wa kwake, na kuamka bila kuambiwa kahawa imepoa. Alitaka mpaka akawa anaona aibu kwa kutaka.

Na kilichomfunga zaidi hakikuwa Delphia wala ufunguo. Kilikuwa uso.

Kadiri vipande vilivyokaa, ndivyo Arlis alivyozidi kutokuwa Arlis. Pua ni yake, kovu lipo, mdomo ni ule ule uliopinda, na bado mtu aliyekuwa akimwangalia kutoka sakafuni alikuwa kama ndugu yake fulani aliyekulia mbali. Tressa alifumua mdomo, akashona tena. Alibadilisha kitambaa cha shavu. Alifumua jicho. Hapana. Usiku alifumba macho kumtafuta, lakini kichwani alimjia yule wa kitambaa, akimzibia yule wa kweli.

"Mama, sio yeye," alisema siku moja, machozi yanamtiririka juu ya pasi. "Nimefuata kila mstari, na sio yeye."

Delphia aliinama akalitazama kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Sio yeye."

"Nimekosea wapi?"

"Mkono hushona kile moyo unachokumbuka," Delphia akamjibu, akijinyoosha kiuno. "Unaanza kumsahau, mwanangu. Vijana husahau haraka."

Jamani! Neno hilo lilimwingia Tressa mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo, Lurana akipiga simu, alikuwa anamwambia Delphia aseme hayupo. Mtu aliyemsahau mumewe haraka hivi ana haki gani ya kwenda mjini kukanda mikate na kucheka na wenzake? Akashona kwa adhabu. Akashona mbwa, akashona ukuta ubao kwa ubao, akamaliza na mikono, ile aliyokuwa akiiogopa, kila kidole na kucha yake, na kipande kidogo cha hariri ya njano kwa ajili ya pete ya ndoa.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, wiki chache kabla ya Jumapili ya kusafisha makaburi, akakata uzi wa mwisho wa mkono wa mwisho. Sehemu ya juu ya blanketi ilikuwa imekamilika. Hakuona furaha yoyote. Alilibeba chumbani kwake alilaze kitandani asije akalikanyaga. Lilikuwa limejaa vinyuzi, kwa hiyo akalishika kwa juu, akalibana kidevuni, akalikung'uta. Akainua macho.

Kwenye kioo cha kabati, Arlis alikuwa amekaa anamtazama.

Si yule ndugu yake. Arlis! Tabasamu limepindia kulekule lilikopindia siku zote, kovu juu ya jicho la kushoto, mkono wa kushoto umeshika shingo ya banjo na pete iko mahali ambapo yeye mwenyewe Tressa aliivisha. Tressa akapiga kelele, "Arlis!" kama mtu anayemwita mumewe kutoka bustanini. Akakaa kitandani, blanketi bado kifuani, hakuthubutu kuangalia pembeni asije akaondoka.

Halafu akashusha macho kwenye kitambaa chenyewe, na pale mikononi mwake banjo ilikuwa imeshikwa kwa mkono wa kulia na pete ilikuwa mkono wa kulia. Akainua macho, akashusha, akainua. Akili ikampambazukia polepole. Kila kipande alikinakili moja kwa moja bila kukipindua kwanza, na kila kipande kilipogeuzwa kikawa kinyume. Ndiyo sababu bega lilikataa kukaa. Bega lilikuwa linamwambia! Lilikuwa linamwambia siku ya kwanza kabisa.

Na akakumbuka nani alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa.

Delphia alikuwa jikoni anamenya viazi. Tressa aliingia na blanketi begani.

"Mama, uliniambia nigeuze karatasi."

"Lini?"

"Usinifanye mtoto. Bega. Siku ya kwanza."

"Nimesema mengi tangu siku hiyo."

"Ulijua."

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. Ganda lilikuwa refu, halikatiki, alikuwa na mikono mizuri sana yule mama. "Nilijua kabla hujaweka pasi chini," akasema. "Hata mtoto wa mchungaji angejua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ukimaliza utaondoka." Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Nikasema, atafika mwisho, ataona mwenyewe, ataona aibu, atabomoa, ataanza tena. Na wakati huo wote yuko hapa. Labda angezoea. Watu huzoea."

"Nilidhani nimemsahau!" Tressa alipiga kelele mpaka paka akatoka mbio. "Mama, nililia mbele yako! Uliniona! Ukaniambia moyo wangu umesahau! Kumbe moyo ulikuwa unamjua vizuri kuliko macho yangu. Nilikuwa naona kakaa vibaya, nikajiona mbovu ni mimi!"

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

"Hukuona hata aibu?"

Delphia akaweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza mikono yake ilikuwa haina kazi. "Niliona," akasema. "Lakini ningeamka asubuhi nikakusikia unatukana sindano, aibu ingepungua."

Maji yakaanza kuchemka, hakuna aliyeyajali. Kisha Delphia akajikaza, sauti yake ya siku zote ikarudi. "Basi. Bomoa, tuanze upya. Safari hii nitakukalia pembeni mwenyewe, nikufundishe kila kitu. Hujamaliza, Tressa. Mbele ya jeneza uliahidi sura yake. Hiyo si sura yake. Neno ni neno."

Na hapo ndipo Tressa alipohisi mlango unafungwa kabisa. Maana kweli alikuwa ameahidi hivyo. Angeweza kukimbia, angeweza kutembea kwa miguu mpaka barabara ya lami. Lakini angefika Lexington akiwa mwanamke aliyemdanganya maiti, na hilo asingelishusha begani maisha yake yote. Alirudi chumbani akakaa. Alikaa mpaka viazi vikaiva, vikaliwa na mtu mmoja, sahani yake ikafunikwa.

Halafu akainuka, akaenda ukutani kwenye simu, akapiga nyumbani kwa mchungaji. Dada Oma, mke wa mchungaji, ndiye aliyepokea.

"Dada Oma," Tressa akasema kwa sauti, ili na jikoni wasikie, "sehemu ya juu iko tayari."

Hayo maneno kwetu hayasemwi ovyo. Mwenye nyumba akishayasema, wanawake wanakuja na sindano zao na vyungu vyao, pamba inatandazwa katikati, kitambaa cha nyuma chini, tabaka tatu zinafungwa kwenye fremu na kushonwa pamoja. Huwezi kuwafungia mlango. Na sindano zikishapita tabaka zote tatu, hakuna tena anayebomoa.

Delphia alisimama mlangoni, uso mweupe. "Umefanya nini, we mtoto?"

"Nimewaita."

"Walione hivyo hivyo? Wewe una wazimu!"

"Walione."

Wakaja kesho yake, gari tatu zimejaa. Wakaishusha fremu kutoka darini, ile inayoning'inia kwa kamba kwenye dari ya sebule, ikajaza chumba chote mpaka mtu akitaka kupita anajibana na ukuta. Wakatandaza. Dada Oma, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, akavaa miwani, akainama, akasema:

"Haya! Arlis alianza lini kupiga banjo kwa mkono wa shoto?"

Wakacheka. "Na pete ona!" akasema Dada Verlie. "Iko mkono wa kulia. Anajifanya hana mke huyu!"

Kicheko kikafa chenyewe, maana hakuna mwenyeji aliyekuwa anacheka. Delphia akakohoa. "Ni mwanagenzi," akasema. "Alisahau kupindua. Wote huanza hivyo."

"Kipande cha kwanza kilikataa kukaa kwenye mchoro," Tressa akasema. "Nikamwuliza Mama. Akaniambia nigeuze karatasi."

Msichana wa mjini asingeelewa uzito wa neno hilo. Lakini mle sebuleni kila mwanamke alikuwa ameshika pasi na karatasi ya gundi maishani mwake, na hakuna aliyehitaji maelezo. Dada Oma akavua miwani yake taratibu.

"Delphia," akasema. "Delphia! Msichana wa watu!"

Delphia akageuza mgongo. Aliingia jikoni, na sufuria zikaanza kugonganishwa huko.

"Tunafanyaje, binti?" Dada Oma akauliza kwa sauti ya chini. "Na mimi sitakudanganya, hata kama amekukosea, neno lako nililisikia kwa masikio haya. Ulisema sura yake. Hii..." Akanyoosha mkono juu ya kitambaa, akaurudisha. "Hii ni kazi nzuri, mwanangu. Lakini akisema bado, sijui nitamjibu nini."

"Najua," Tressa akasema. Hakuwa na hila yoyote, usije ukafikiri alikuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa anataka mtu mwingine aone. "Tushone."

"Uzi gani?"

Akatoa kibunda chake. Wakapiga yowe wote.

"Mweusi? Nyuma ni kitambaa cheupe, we! Kila mshono wako uliopinda utaonekana mpaka Lexington!"

"Mbele kumekoza rangi, nikaona mweusi utafaa."

"Hakuna mwanamke bonde hili aliyewahi kutumia mweusi."

"Basi mimi nishanunua," akasema Tressa, wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa cha kumbeba. Wakavaa subana, vile vikofia vya chuma vya kukinga vidole na sindano, wakakaa pande zote za fremu, wakaanza kufuata mistari: bega, shingo ya banjo, ubao, mbwa. Uso walimwachia yeye. Hakuna aliyesema, walimwachia tu nafasi pale katikati.

Siku ya pili, karibu na saa sita, kazi ilikuwa imekwisha isipokuwa kingo. Njaa iliuma. Wakaivuta fremu juu kwa kamba mpaka darini, ili meza ipate nafasi chini yake, kama tufanyavyo siku zote. Delphia alikuwa hajakanyaga sebuleni tangu jana. Sasa akatoka na chungu cha maharage, mkate wa mahindi umefunikwa juu yake kwa kitambaa, uso umenuna, macho chini.

"Angalia kichwa, Delphia," akasema Dada Verlie, "kamba ya upande huo imelegea."

Delphia akainua macho aone kamba.

Akasimama. Chungu mikononi, mdomo wazi, amesimama. Dada Oma akamwahi akakichukua kile chungu maana kilikuwa kinainama, na yeye hata hakujua kimechukuliwa.

Juu yake, kwenye kitambaa cheupe cha nyuma, hapakuwa na shati la drafti wala rangi yoyote. Palikuwa na mistari tu, ya uzi mweusi, iliyopindapinda. Na kwa vile mbele kulikuwa kinyume, nyuma kulikuwa sawa. Mkono wa kushoto kwenye shingo ya banjo. Pete mahali pake. Kovu juu ya jicho la kushoto. Na kwenye mdomo, pale ambapo mishono ya Tressa ilikuwa mibaya kuliko yote, tabasamu lilikuwa limepinda kabisa kama la mwenyewe.

"Ni yeye," Delphia akasema.

Tressa akaja akasimama kando yake, akainua kichwa, na naye akamwona. Akashika mdomo. Hakuna aliyekuwa amefikiria nyuma. Nani hufikiria nyuma ya blanketi?

"Ni mwanangu," Delphia akasema tena, na sasa alikuwa analia waziwazi, yeye ambaye hata makaburini hakulia. "Ni yeye, ni yeye huyu. Arlis. Mungu wangu, ni yeye."

Dada Oma alikuwa amekumbatia chungu cha maharage. "Umesema ni yeye, Delphia," akasema polepole. "Ndiyo sura aliyoahidi. Tumekusikia sote."

Delphia hakumtazama. "Nimesema," akajibu.

Maharage yakaliwa, sijui na nani. Baada ya chakula wakaishusha fremu, wakalifungua blanketi, wakampa Delphia mapajani, akaligeuza mwenyewe upande wa nyuma ukawa juu. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye uso. Kisha vikaenda ukingoni, ambako tabaka tatu zilikuwa zimeachwa wazi, pamba inachungulia.

"Bado pindo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Blanketi bila pindo halijaisha, Tressa."

Wanawake wakaangalia vikombe vyao. Tressa alipiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa anampenda yule mama, hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Alikuwa anampenda na alikuwa anamwogopa hata pale alipokuwa analia.

"Pindo utashona wewe, Mama. Mimi sijui pindo."

"Nitakufundisha."

"Najua ungenifundisha."

Akambusu kwenye paji la uso, kando ya kamba ya ufunguo, akaenda chumbani. Hakuwa na vingi: nguo chache na shati la bluu ambalo hatimaye hakulikata. Alipotoka na begi, Delphia alikuwa ameshabana pini ya kwanza kwenye ukingo na kichwa chake kilikuwa chini. Dada Oma alikwisha toka kuwasha gari la kumpeleka mjini.

Walikuwa wamefika kwenye daraja la mbao, pale nyumba inapoanza kupotea nyuma ya miti, waliposikia sauti kutoka barazani. "Tressa!" Delphia alikuwa anaita. "Tressa! We Tressa, njoo mara moja tu!"

Mguu wa Dada Oma ukaenda kwenye breki wenyewe. Gari likasimama nusu, linanguruma. Mke wa mchungaji akamgeukia. "Nisimame, mwanangu?"

Tressa alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, na machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni.

"Endesha, Dada Oma," akasema. "Tafadhali, usisimame. Endesha."